Ng'ombe Niliyemtaja Darasani

Nilipokuwa kidato cha tatu pale Karatu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mdomo wangu ulikaribia kumuua mdogo wangu. Siongezi chumvi.

Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa kijana mgeni, mwenye haraka ya kuongea. Siku hiyo alianza kwa Kiingereza, akaona tunamkodolea macho tu, akafunga mlango na kuhamia Kiswahili. Akasema zamani sana, kabla ya mnyama wala mmea, seli moja ilimmeza bakteria ikashindwa kumsaga. Yule aliyemezwa akaendelea kuishi humo ndani. Akawa anampa mwenyeji wake nguvu, naye akipata chakula na maficho, mpaka ikafika mahali hakuna anayeweza kuishi bila mwenzake. Ndizo mitokondria tulizo nazo mwilini. Alikiri kwamba wako wataalamu waliokuwa bado wanaibishia habari hiyo.

"Nani ana mfano wa nyumbani?" akauliza.

Nikanyanyua mkono. Kiherehere changu! Nikasema kwetu Mbulumbulu kuna ng'ombe analala ndani ya nyumba yetu lakini si wetu, ni wa rafiki ya baba. Sisi tunapata maziwa na samadi, yeye ng'ombe wake anatunzwa na ndama ni wake. Mwalimu alifurahi mno, akaamuru nipigiwe makofi. Nikakaa, kichwa kimevimba. Ndipo nikamwona binti wa dawati la mbele amegeuka, ananitazama. Baba yake na huyo rafiki ya baba walizaliwa tumbo moja.

Kwetu sisi Wairaqw, ng'ombe aliyewekeshwa kwa rafiki hatajwi. Anawekeshwa huko ili ndugu wasijue mtu ana wangapi. Mwenye ng'ombe huyu alikuwa amewaapia kaka zake kwamba hana hata mmoja wa kuchangia mahari ya mdogo wao. Mtoto wa kwetu analijua jambo hilo kabla hajaota meno ya pili, nami nililisahau kwa kutafuta sifa.

Na nyumbani kulikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Mama alikuwa ameugua jipu la titi, wakampasua hospitalini, maziwa yakakata. Maziwa ya kopo hayakuonekana madukani miaka ile, na ng'ombe wetu wenyewe walikuwa wamekauka. Mtoto aliishi kwa maziwa ya yule mmoja tu.

Ijumaa tuliruhusiwa kwenda nyumbani. Yule binti alitangulia, anatembea haraka kama aliyetumwa. Mimi nilifuata nyuma, roho mkononi. Nilipofika nilitaka kumwambia baba, ulimi ukakataa. Nikakaa namtazama mama akimnywesha mtoto kwa kijiko, na kila kijiko nilikiona cha mwisho. Mungu wangu, nilivyoogopa!

Jumamosi asubuhi mwenye ng'ombe aliingia uani, kamba mkononi. Alikaribishwa kiti, hakukaa.

"Kaka zangu wanajua," alimwambia baba. "Kesho wakitoka kanisani wanakuja kumchukua. Bora nimtoe leo, nikamfiche Malambo kwa Mmasai mmoja. Ila niambie, nani kasema?"

Baba aliapa kwamba hajafungua kinywa. Mimi nikawa nachimba vumbi kwa dole gumba la mguu. Mama alinitazama mara moja, miguu kisha uso, akajua.

"Ni mimi, shemeji," alisema. "Nilijisahau kule mashine ya kusaga."

Baba alimgeukia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. Mimi niliyesema nilikuwa pale pale, kimya, nimebanwa na woga. Mama aliingia ndani, akatoka na mtoto, akamweka mikononi mwa mwenye ng'ombe.

"Basi mchukue na huyu," akamwambia. "Hawa wanakwenda pamoja. Mkifika Malambo umnyweshe asubuhi, mchana na jioni."

Mtoto akaanza kulia. Jamani, nilidhani atakwenda naye kweli! Yule mzee alisimama naye, hajui amshikeje, kamba imemdondoka miguuni. Hakuna aliyemsaidia. Mwisho akamrudishia mama.

"Waje," alisema. "Nitawaambia ng'ombe ni wangu, na hatoki hapa mpaka huyu atembee."

Walikuja kweli. Walifoka uani mpaka sauti zikawakauka, wakaenda zao mikono mitupu.

Jioni ile mama aliniita tuoshe vibuyu vya maziwa, nikamkiri kwamba nilimtaja ng'ombe darasani.

"Haya, mwanangu. Mlikuwa mnafundishwa nini hata akahitajika ng'ombe wetu?"

Nikamweleza huku nalia. Kiumbe kimoja kilimmeza mwenzake, hakikumsaga, wakakaa pamoja mpaka wakawa hawawezi kuachana. Mama alisikiliza mpaka mwisho, anasugua kibuyu.

"Na huyo aliyemmeza mwenzake," akauliza, "alimwambia nani?"

"Hakumwambia mtu, mama."

"Eheee," alisema, akanipa kibuyu kingine nisuuze.