Kwenda Mtongwe Kutaka Radhi

Simu ya Bi Mwanakombo ilinikuta sokoni Kibwezi, mikono yote miwili imo ndani ya gunia la ndengu. "Mutheu, safari yangu ya Hija imekubaliwa," akasema. "Njoo tuagane. Siendi Makka bila ya kuonana nawe." Nikaitika abee. Baada ya hapo nikampimia mteja kilo mbili badala ya moja, naye akanyamaza nazo, Mungu amsamehe.

Ambaye hajakaa Pwani aelewe kwamba anayekwenda Hija huita jamaa na majirani wakatakana radhi, maana kosa la mtu kwa mtu halifutwi mpaka aliyekosewa asamehe. Na Bi Mwanakombo kwangu si jirani tu. Mimi ni Mkamba, lakini nilizaliwa Mtongwe, upande wa Likoni, baba yangu akifanya kazi bandarini. Mama alipougua baada ya kunizaa, Bi Mwanakombo alininyonyesha pamoja na mwanawe Hamisi. Kwa dini yao Hamisi ni ndugu yangu kabisa. Na huyo ndugu ndiye niliyemchongea kwa askari.

Jumamosi saa tano asubuhi nilipanda treni na chupa ya asali mapajani. Mpaka Voi nilijikaza, nikala mahindi, nikabishana na abiria mwenzangu juu ya dirisha. Baada ya Voi mahindi hayakushuka tena. Nilikumbuka mwaka ule vijana waliposema Pwani ijitenge iwe nchi yake, maana ardhi ni ya wengine na kazi za bandari ni za wengine. Asubuhi moja tulikuta karatasi chini ya mlango: "Mlio wa bara, rudini kwenu." Mwandiko niliujua. Herufi M yenye mkia mrefu ilikuwa ya Hamisi, tuliyekaa naye dawati moja miaka minane. Hasira zilinipanda. Siku ya tatu askari kanzu wakaja kumuulizia, nami nikasema, bila hata kusukumwa, "Yuko Utange kwa shangazi yake." Alikaa ndani miezi tisa. Sisi tukahamia Kibwezi. Sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Saa nane mchana nilishuka Miritini. Dereva wa teksi akanipokea mzigo. "Nikupitishe Dongo Kundu, siste? Siku hizi kuna barabara, unatokea Likoni bila feri."

"Nipeleke ferini," nikamwambia. Nilitaka safari irefuke.

Akaniangalia kwenye kioo. "We ni wa huku? Kiswahili chako ni cha Mombasa."

Nikacheka. Sokoni Kibwezi wananiita Mswahili na kuniuliza kwetu ni wapi. Mtongwe tuliambiwa turudi kwetu. Nimeshachoka kulijibu swali hilo, kwa hiyo nikamuuliza habari za foleni ya Changamwe. Foleni haikuwapo, na feri nayo, ambayo miaka yote ilinichelewesha shuleni, siku hiyo ikaondoka mara tu nilipoingia.

Saa kumi nilipiga hodi Mtongwe. Hamisi alikuwa kizingitini akimenya muhogo, ndevu zimeingia mvi. Akanipa mkono bila kusimama. Bi Mwanakombo alikuwa ukumbini juu ya mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa." Akanishika mikono kabla sijavua hata mtandio. "Mutheu, nimekulea na huenda nimekukosea, kwa neno au kwa kitendo. Niwie radhi."

Mtu niliyemkosea ndiye anayeniomba radhi! Nililia mpaka chupa ya asali ikaporomoka mapajani. Halafu nikasema yote: karatasi, mwandiko, askari, Utange. Nilisema nikitazama mkeka. Kisu cha Hamisi kikaacha kumenya.

"Nilijua," akasema. "Askari mwenyewe aliniambia, 'Dada yako wa bara ndiye aliyetuonyesha.'"

"Na hukumwambia mama?"

"Nimwambie ili apoteze na mtoto wa pili?" Akaweka kisu chini. "Nawe unisikilize. Karatasi ile niliitia mimi. Nilipofika mlango wenu nilisimama kitambo. Mama yako alikuwa akinipa uji nikitoka chuoni kusoma Kurani. Kisha nikaona nikiuruka mlango wenu wenzangu watanicheka. Nikaitia. Niwie radhi, Mutheu."

Bi Mwanakombo akatutazama mmoja baada ya mwingine, na uso wake ulikuwa wa hasira.

"Kumbe nimelea mabubu wawili," akasema. "Kila Idi mmoja yuko hapa, mwingine ananipigia simu, wala hamsalimiani, nami nadhani ni mbali tu. Mimi nimewasamehe. Sasa sameheaneni hapa mbele yangu, wallahi siendi uwanja wa ndege na mzigo wenu."

Tukasameheana. Kifua changu kilifunguka, nikala muhogo wa nazi sahani mbili, mimi niliyeshindwa na mahindi. Hamisi hakugeuka malaika. Tulipokuwa tukila alisema bado ardhi walimozikwa babu zake ina hati ya mtu wasiyemjua hata kwa sura. Nikamwambia baba yangu naye alijenga juu ya ardhi hiyohiyo na akaondoka bila kipande cha karatasi. "Basi tulikuwa na dai moja," akasema, "nami nikalipeleka mlango usiokuwa wake."

Asubuhi saa mbili treni iliondoka nami. Nililala kabla hata ya Mariakani, usingizi wa mtoto. Nililojifunza si kubwa: ukimwogopa mtu miaka yote hiyo, jaribu kwenda kwake, huenda naye anakuogopa.

Karibu na Voi simu ikaniamsha. Hamisi alikuwa amemwandikia mama yake orodha ya watu wa kuwaombea dua Makka, kila jina na kwao, akanitumia picha. "Tazama kama nimekosea." Rukia, Utange. Bakari, Ziwa la Ng'ombe. La tatu lilikuwa langu, na nilisita kusoma kilichofuata. Kwa M yenye mkia mrefu alikuwa ameandika: Mutheu, Mtongwe.

Nikamjibu, "Hukukosea."