Nauli Iliyowalisha Waliounguliwa

Moto ulishika ghorofa la jirani mchana wa Jumamosi, sisi tukiwa ukumbini Woolwich, huku ughaibuni, tunakaanga maandazi ya harusi. Ukumbi ni wa chama chetu cha kina mama wa Afrika Mashariki, Waislamu na Wakristo, na kati yetu na ghorofa lile ni barabara tu. Watu walitoka na kandambili, wengine na taulo. Shoga yangu, ambaye ndiye mwenye funguo za jiko, hakumuuliza mtu. Alifungua milango, akabandika sufuria kubwa, na maandazi ya bibi harusi yakaliwa na watu asiowajua.

Alipika siku ile, akapika ya pili, wiki ikakatika bado anapika. Magodoro yalikuja, blanketi zikaja, nepi, maziwa ya watoto, mitungi ya gesi. Sisi tulitoa mikono yetu, na vitu tukadhani vinatoka kwenye mfuko wa chama. Nani angeuliza? Kwetu, penye msiba, hakuna anayeuliza mchele umetoka wapi.

Siku moja akaja binti wa halmashauri, sisi tunaiita kaunsili, mpole, kishikwambi mkononi. Alieleza kwamba serikali imetenga fedha za kuwarudishia watu wa kujitolea gharama walizoingia wakati wa dharura, wawe walizima moto au walipika chakula. Akamuuliza shoga yangu ametumia kiasi gani. Naye, mwiko mkononi, akajibu kama alivyolelewa Tanga: "Si kitu, mwanangu. Karibu ule." Binti akaandika kwamba hakuna kilichotumika. Akala pilau, akashukuru, akaenda zake.

Basi, yakapita. Waliounguliwa wakapewa nyumba za muda, wengine Barking, wengine Lewisham, na ukumbi ukapoa. Nikaanza kumwona shoga yangu anapungua mwili. Mama yake alikuwa mgonjwa kule Tanga, hilo tulilijua sote, na kila tulipomuuliza anaondoka lini alisema anasubiri likizo, eti hospitali anakofanya usafi hawajamruhusu. Nikawatukana mabosi wake, Mungu anisamehe, maana hawakuwa na kosa lolote.

Ukweli niliujua ofisini kwa yule binti. Shoga yangu aliniomba nimsindikize kwa sababu Kiingereza cha ofisini humpiga chenga. Nikakaa pale, nikasikia ninachotakiwa kutafsiri: kwamba magodoro, gesi, nepi, vyote alinunua yeye, kwa nauli aliyoiweka ya kwenda kumwona mama yake. Risiti alikuwa nazo. Mwenye duka, Mhindi wa Mombasa, alimtolea upya zote kwenye mashine yake. Binti akasema pole sana, atamsaidia, lakini kumbukumbu zao zinaonyesha mwenyewe alitamka kwamba hakutumia kitu. Itabidi sasa aseme kwamba maneno yale hayakuwa kweli.

Jamani. Mwanamke mtu mzima, anaheshimika, anatakiwa akiri uongo kwa sababu ya adabu! Shoga yangu aliinamisha kichwa, akazungusha pete yake kidoleni.

"Mwambie nilitumia," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mwambie nina mama."

La kwanza nililitafsiri vizuri. La pili nililisema huku machozi yananitoka.

Kwenye basi nilimfokea. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Wanawake wote wale, tungeshindwa na nauli ya mtu mmoja? Mficha uchi hazai, nikamwambia, na abiria wakageuka kututazama. Alinijibu taratibu kwamba baadhi ya wale waliounguliwa bado wanakuja ukumbini kila wiki. Wakisikia kwamba wali waliokula ulikuwa safari ya kwenda kwa mama wa mtu, watajiona wenye hatia bure, na wao wamepoteza vya kutosha. Akanisihi ninyamaze, fedha za serikali zi njiani. Sikumsikiliza. Nilipofika nyumbani niliwapigia simu kina mama mmoja baada ya mwingine, na kesho yake tiketi ilikuwa imepatikana, ya Ijumaa.

Simu ya Tanga ilitutangulia. Alhamisi asubuhi mama yake alifariki, na baada ya sala ya alasiri wakamzika, kama dini inavyotaka. Shoga yangu alipanda ndege ile ile ya Ijumaa. Alikwenda kuoneshwa kaburi.

Serikali ilitimiza ahadi yake, hilo nalisema, sitaki dhambi. Yeye alikuwa amesharudi, na siku hiyo tulimfanyia marehemu kisomo ukumbini, Waislamu wakisoma, Wakristo wakipakua chakula. Watu walipotawanyika alikaa karibu nami, akatoa simu, akanionyesha ujumbe wa benki. Hakuwa na hasira. Mwenye hasira nilikuwa mimi, na mpaka leo sijui niielekeze wapi: kwa kaunsili, kwa malezi yetu, au kwake yeye niliyempenda.

"Nauli imerudi yote," akasema. "Sasa nikamwone nani?"