Mche Wenye Jina Langu

Hasira ninazo mpaka sasa, ila mwenye kosa nimeshamjua.

Mimi ni afisa mazingira wa kiwanda cha juisi Kibaha. Wiki iliyopita nilikwenda Vihingo, kwa wakulima wanaotuuzia mananasi. Mwaka jana tuliwapandia miti pembezoni mwa mashamba, tukapiga picha, tukaziweka kwenye ripoti. Safari hii nikaikuta yote imekauka. Nilifoka! Hata mwenyekiti wao, Bi Mwanahawa, mwenye umri wa mama yangu, sikumpa shikamoo.

"Kuchoma mkaa mnaweza, kumwagilia mti wa bure kunawashinda? Msimu huu hatununui nanasi hata moja hapa!"

"Tulimwagilia, mwanangu," akasema Bi Mwanahawa. "Kiangazi chote, ndoo kichwani kutoka bondeni."

"Uongo mtupu!" Nilimjibu hivyo mtu mzima, mbele ya wanawe.

Hakubishana. Akainama, akang'oa mche mmoja, akanikabidhi. Mizizi ilikuwa imejiviringa ndani ya kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kitaluni ambao hata mtoto anajua hutolewa kabla ya kupanda. Nikakigeuza kibao kilichofungwa shinani, nimjue mzembe aliyeupanda.

Kilikuwa na jina langu.

"Tuliona siku ile ile," akasema taratibu. "Lakini mlituambia tumwagilie tu, tusiiguse. Na mgeni, mwanangu, utamkosoaje mbele ya kamera?"