Swichi za Kimya

Mfasiri alichagua swichi za kibodi yake, vile vidude vinavyokaa chini ya kila herufi, akiwa amenuna. Tangu mumewe astaafu, alikuwa anashinda sebuleni, hatua tatu kutoka meza ya kazi ya mkewe, televisheni ikinguruma, halafu eti kibodi ndiyo inayompasua kichwa.

Haya. Dukani, fundi kompyuta alimpangia swichi za kujaribu, naye akazibonyeza moja moja amefumba macho. Nyingine zilikuwa kama kubonyeza sifongo. Akachukua zile zenye kigongo kidogo, kidole kinakihisi lakini sikio haliambulii kitu.

Jumatatu asubuhi alikuwa ukurasa wa pili mumewe alipoita, "Mama watoto, maadamu umekaa tu, niletee chai."

Akampelekea. Robo saa haijaisha, "Mama watoto, kwa kuwa huna kazi, hebu nitafutie miwani." Miwani ilikuwa kichwani kwake mwenyewe. Kufika saa sita mfasiri alikuwa ameinuka mara tisa, na sentensi ileile bado inamkodolea macho kwenye skrini.

"Baba watoto, mimi niko kazini," alisema.

"Kazini? Mbona sisikii kitu?"

Alichomoa kibodi, akaitia kwapani, akatoka bila kuaga.

"Swichi zina tatizo, mama?" fundi akauliza.

"Hazina. Zing'oe zote, uniwekee zenye kelele kuliko zote ulizonazo humu dukani."