Kamanda wa Ngome na Pua ya Mama Mkwe

Kazini walimwita Mifupa, kwa kuwa ndiye aliyepiga eksirei katika hospitali ya mjini. Alikuwa mtu mpole mwenye kitambi, na kwa miaka mingi alikuwa amewajua watu kwa ndani kuliko kwa nje. Nyonga ya mtu aliweza kuikumbuka mwaka mzima. Akikutana na mwenye nyonga sokoni, hamjui.

Kila Jumamosi alasiri alikwenda kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwalimu wa hesabu, kucheza mchezo ambao mkewe aliuita "ule utoto wenu." Watu wazima wanaketi mezani, kila mmoja amejibunia mtu wake: mwizi, mganga, askari. Shemeji anasimulia yanayowakuta, wao wanasema watu wao watafanya nini, kisha dadu inarushwa kuamua kama wamefaulu au wameumbuka. Mtu wa Mifupa alikuwa Kamanda, mwanamke mzee anayelinda ngome ya mlimani, asiyecheka na yeyote. Mifupa mwenyewe hakuwahi hata kumkemea paka.

Siku moja shemeji akasema, "Jumamosi ijayo kila mtu aje na picha ya mtu wake. Nimechoka kuwawazia sura."

"Wewe huna shida," mfamasia, mchezaji mwenzake, akamwambia Mifupa. "Kazi yako si picha?"

Angekanusha palepale, yangeisha. Lakini sifa ni tamu, hata isiyo yako. Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama fundi.

Nyumbani, Kamanda wa kwanza aliyemchora alitoka kama kiazi kilichochipua. Mkewe akachungulia begani kwake.

"Hiyo ni ramani ya wapi?"

"Ni mtu."

"Pole yake."

Akajaribu programu ya simu inayotunga picha ukiiandikia. Akaandika: mwanamke mzee, mkali, mwenye makunyanzi. Akaletewa binti mwenye mvi na midomo ya kung'aa. Akaandika "mzee sana". Binti yuleyule akaongezewa fimbo.

Ndipo akapata wazo la kunakili. Hospitalini kulikuwa na kisanduku cha taa cha kusomea filamu za eksirei: unaweka picha, unaweka karatasi juu, unapitisha penseli. Ilibaki kupata sura yenye mamlaka. Akafungua albamu ya harusi yake, wala hakutafuta sana. Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni, akimtazama bwana harusi kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wakati wa chakula cha mchana akanakili macho, pua na taya. Nywele zikamshinda, akamvika kofia ya chuma. Miguu akaizamisha kwenye ukungu. Mikono nayo, baada ya vidole kutoka kama chane ya ndizi, akaifunika kwa joho. Mficha uchi hazai, wanasema. Yeye akaona heri awe tasa.

Jumamosi picha ikazunguka meza. Mfamasia akaisifu. Shemeji akaitazama, akamtazama Mifupa, akaitazama tena.

"Wewe," akasema polepole, "unajua mama yuko jikoni?"

Kabla Mifupa hajaificha, mama mkwe akaingia na chupa ya chai. Akavaa miwani.

"Huyu ni nani?"

"Ni Kamanda, mama. Analinda ngome." Sauti ilimtoka nyembamba, kama ya mtoto aliyevunja sahani.

"Na pua yangu anaifanyia nini huko?"

Mfamasia akaanza kuichunguza dadu kwa makini.

"Nisamehe, mama. Mimi kuchora sijui. Nilinakili picha yako ya harusini. Nilihitaji mtu ambaye adui akimwona tu, anarudi alikotoka."

Mama mkwe akaivuta karatasi karibu. "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unaniogopa?"

"Kidogo, mama."

"Vizuri. Mikono yake iko wapi?"

"Ndani ya joho."

"Analindaje ngome huku kajikunyata hivyo? Leta penseli." Akavuta kiti, akakita kiganja juu ya joho. "Haya, nakili."

Hapo angalau Mifupa alikuwa na uzoefu. "Tandaza vidole, mama. Tulia hivyohivyo. Usipumue," akasema kwa mazoea ya kazini, kisha akagundua amemwamuru mama mkwe asipumue. Na mama mkwe hakupumua. Penseli ikauzunguka ule mkono haraka, asije akaua mtu.

Vipimo hakuna aliyevifikiria. Mkono ulipoinuliwa, Kamanda alikuwa na kiganja kikubwa kuliko kichwa chake, kofia ikiwemo.

Mama mkwe akakitazama kwa muda. "Sasa huyo anaweza kufunga lango," akasema, akaanza kumimina chai.

Tangu siku hiyo akawa anauliza habari za Kamanda kabla ya habari za binti yake. Kwa hiyo Kamanda alipotumbukia mtoni pamoja na daraja, kwa dadu mbaya ya Mifupa mwenyewe, wanaume walitazamana. Hakuna aliyekuwa tayari kupeleka msiba jikoni. Mwishowe akasukumwa Mifupa.

"Kamanda amestaafu, mama."

"Kwa heshima?"

"Kwa heshima zote."

"Na kiinua mgongo chake?"

Mifupa akasema faili bado linashughulikiwa.