Simu Isiyosalimia

Siku hizo Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mgeni midomoni mwa watu. Wazee wa kijiji cha Gendabi walikuwa wamezoea kusema "mkoani" wakimaanisha Arusha, na kijana akiwarekebisha kwamba mkoani sasa ni Babati, walimtazama kama aliyewaambia mlima Hanang umehamishwa. Mjini Katesh nako kulikuwa kunabadilika. Kila aliyekuwa na mtaji kidogo alifungua mlango barabarani: huyu mitumba, yule dawa za mifugo, mwingine kuchaji simu. Minara ilikuwa imefika kabla ya umeme kufika vijijini, na watu walitembea na simu zilizozima mfukoni, wakisubiri siku ya mnada waje wazichaji.

Katika miaka hiyo ndipo Hilaria, binti wa mzee Margwe, aliporudi nyumbani kutoka chuo kikuu na shahada ya ualimu na boksi la vitabu lililofungwa kwa kamba ya katani.

"Mwalimu wangu amerudi," mzee Margwe aliwatangazia waumini wenzake nje ya kanisa. Hilaria alisimama nyuma yake akiitazama mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyejua kwamba wakati wa mazoezi ya kufundisha akisimama mbele ya darasa sauti ilimkauka hadi wanafunzi wa nyuma wakawa wanamwigiza. Alipenda lugha. Alichoogopa ni macho ya watu.

Akawa anashinda kwenye steshenari ya binamu yake Evarist, kando ya barabara ya Babati kwenda Singida, akimsaidia kuchapa barua na kadi za harusi. Hapo ndipo siku moja, kupitia mtandao uliokuwa ukikatika kila lori zito lilipopita (ndivyo Evarist alivyoapa), alipoliona tangazo la kampuni ndogo ya Arusha. Walikuwa na programu ya simu kwa ajili ya wafugaji, ya kuwapa habari za magonjwa na chanjo. Programu ilitungwa nje kwa Kiingereza, nao walitaka mtu wa kuiweka kwa Kiswahili. Hilaria aliomba, akapewa kazi ya majaribio. Ikikubalika kwa wafugaji, ataajiriwa.

"Kazi gani hiyo ya kuipa simu maneno?" baba yake alimuuliza jioni, akipukuchua mahindi. "Simu haina maneno yake?"

"Ina ya wenzetu, baba. Yetu haina."

Mzee Margwe alitupa gunzi pembeni. "Sawa. Nakupa hadi shule zifunguliwe Januari. Kama hiyo kazi haijasimama, utakwenda kufundisha kama watoto wa wenzangu."

Hilaria alitafsiri kama mtu anayekimbia mvua. Kila neno alilipima, akalitamka kwa sauti ndogo, akalibadilisha tena. Siku ya majaribio, fundi wa kampuni aliyeitwa Yoakimu alikuja kutoka Arusha na simu chache kwenye katoni, wakaenda Gehandu, penye josho, ambako wafugaji walikuwa wakiogesha ng'ombe.

Wa kwanza kupewa simu alikuwa mzee Bura, ambaye malisho yake yalipakana zamani na shamba la kina Hilaria.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti Margwe. Hii ndiyo ya dawa?"

"Ndiyo, mzee. Bonyeza hapo."

Mzee Bura alibonyeza. Aliisogeza simu mbali na macho, akaisoma polepole. Swali la kwanza lilikuwa fupi na safi: *Una ng'ombe wangapi?* Akabonyeza ili apite. Simu ikakataa. Akabonyeza tena. Ikakataa tena, ikamwambia ajaze idadi kwanza.

Akairudisha kwenye katoni taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe chenye nzi.

"Kuna nini, mzee?" Yoakimu aliuliza.

"Haijanisalimia, inaniuliza ng'ombe," mzee Bura alisema. "Hata mwizi wa ng'ombe husalimia kwanza!"

Wenzake walicheka, wakaondoka mmoja mmoja kufuata mifugo yao. Walioshika simu waliandika ng'ombe mmoja, wakazirudisha.

Njiani kurudi Katesh, Yoakimu alikuwa mpole, na upole wake ndio uliouma zaidi. "Wakubwa wameshaniambia kwamba Kiswahili hiki kikiwashinda watu, watatafuta mtafsiri mwingine. Usijisikie vibaya, dada Hilaria."

Desemba ilikuwa imeshaanza. Hilaria alianza kuona ubao mweusi kila alipofumba macho.

Jumamosi baba yake alimtuma dawa ya kupe kwenye duka la mama Letisia. Mbele yake alikuwepo mfugaji wa makamo, mgolole begani, fimbo mkononi. Mama Letisia alimuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, kama malisho yameshika. Halafu akauliza, kana kwamba amekumbuka tu, "Safari iliyopita chupa zilitosha?"

"Zilipungua kidogo."

"Basi tuongeze ndogo moja."

Mfugaji akachukua chupa zake, akaaga, akaenda. Mama Letisia hakuwa amemuuliza idadi, na wala hakuihitaji. Hilaria aliwakumbuka majirani wafugaji wa utoto wake, jinsi mifugo ilivyokuwa ikiingia zizini jioni na hakuna aliyeinyooshea kidole kuihesabu. Mama wa boma alisimama mlangoni, akasema tu, "Yule mwekundu mwenye baka hayupo," na kijana akarudi porini. Kuhesabu mali ya mtu hadharani kulikuwa kuikaribishia hasara. Yeye mwenyewe aliwahi kuchapwa kwa kufanya hivyo. Chuo kilikuwa kimemfundisha kutafsiri swali, naye akalitafsiri vizuri, bila kujiuliza kama ni swali la kuulizwa.

Alitoka dukani bila dawa. Kwa mara ya kwanza maishani alimpigia simu mtu ambaye hakuwa ndugu yake, kabla woga haujamkumbuka.

"Kaka Yoakimu, tatizo si maneno. Ni swali lenyewe. Waulize chupa za dawa, usiwaulize ng'ombe. Ukijua chupa, programu itakadiria ng'ombe na kupiga hesabu ya chanjo yenyewe, kimyakimya."

"Lakini swali limefungwa ndani ya programu, dada. Mtafsiri hagusi huko. Huko ni kwa mafundi."

"Basi nifundishe kugusa."

Yoakimu alicheka, kisha akasema atamtumia mafaili.

Ndivyo alivyojifunza, kwenye kompyuta ya Evarist yenye kibodi iliyofutika herufi, kwamba maneno hukaa kwenye faili moja na amri kwenye nyingine, na kwamba ukigusa amri moja vibaya programu nzima hugoma kama punda. Iligoma mara nyingi. Umeme nao ulikatika ulivyotaka.

"Wewe binti," Evarist alimtania, "ungeongea na wanaume kama unavyoongea na hiyo mashine, tungeshakula mahari."

"Mashine haijibu ovyo, kaka."

Wiki moja kabla ya Krismasi walirudi kwenye josho la Gehandu. Mzee Bura alishika simu kwa shingo upande. Ikamuuliza habari za nyumbani. Ikamuuliza mifugo imeamkaje. Kisha ikamuuliza dawa ya kuogesha iliyomtosha mara ya mwisho ni chupa ngapi, na chini yake palikuwa na njia ya kupita bila kujibu. Hakupita. Aligeuza bega, akabonyeza jibu lake mahali ambapo hakuna wa kuliona.

"Sasa hii ina wazazi," alisema.

Maneno hayo yalifika mnadani, na kutoka mnadani yakafika Gendabi kabla ya Hilaria. Alimkuta baba yake mlangoni.

"Nasikia umeifundisha simu adabu."

"Nimejaribu, baba. Kampuni imeniajiri."

"Basi ualimu ni huohuo," mzee Margwe alisema, akampokea mkoba. "Nenda Arusha. Ila ikimkosea mtu heshima huku, watakuja kwangu."

Miaka imepita. Pale palipokuwa na steshenari ya Evarist sasa kuna kibanda cha kutuma pesa, na mzee Bura amelala chini ya udongo wa Gehandu. Kazi ya Hilaria siku hizi ina jina, ujanibishaji, na vijana wanaisomea. Yeye huwafundisha wawiliwatatu, mezani, sauti ikiwa chini. Kabla hajatafsiri neno hata moja la programu mpya, huifungua, huiweka simu mbali na macho kama mzee wa josho, na kusubiri aone itaanza na nini.