Kuluthumu na Kamera ya Kujifunzia

Kuluthumu alipofikisha miaka arobaini na tisa alinunua kamera, na kabla hajaiwasha alinunua daftari la kuandikia mambo yake. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya mifugo pale Mpwapwa, miaka ishirini na miwili ndani ya chumba kimoja chenye mafaili ya watu mpaka karibu na dari, na katika miaka yote hiyo hakuna siri ya faili iliyowahi kusikika ikitoka mdomoni mwake. Aliolewa mara moja, akaachika bila mtoto, akarudi nyumbani kumuuguza mama yake. Mama alipofariki, nyumba ya vyumba vinne ikabaki na mtu mmoja.

Kamera yenyewe ilikuwa ya dijitali, ya daraja la chini kabisa, imekwisha kutumika, na lenzi moja tu iliyotoka nayo kiwandani. Aliinunua Dodoma mjini siku aliyotumwa kupeleka nyaraka. Muuzaji hakumficha. "Hii ni ya kujifunzia, mama. Ukishajua, utakuja tuibadilishe."

Basi akajifunza. Alipiga birika la marehemu mama yake juu ya meza. Alipiga ndoo ya bati, mlango wa uani, mlima wa Kiboriani kabla jua halijapanda. Kila picha aliiandika daftarini: tarehe, saa, mwanga ulitoka upande gani, kasi aliyoiweka ya kamera kufumbua na kufumba jicho. Palipokuwa na giza aliiegemeza kamera kwenye kinu, akapunguza kasi ili mwanga upate muda wa kuingia, akabana pumzi, akabonyeza. Birika lilitoka safi, hata kovu lake la kuungua likaonekana. Baada ya miezi mitatu alikuwa na kurasa sitini na moja, na katika kurasa hizo hakuna jina la mtu hata mmoja.

Ijumaa moja jirani wa nyumba ya tatu, Mwamvua, alibisha hodi. Kuluthumu alitoka haraka na mikono yenye sabuni. Tangu arobaini ya mama yake hakuna aliyembishia hodi ila kuazima kitu.

"Munira wangu anaolewa," Mwamvua alisema. "Siku ya wanawake nataka picha. Na mwanamume haingii uani kwangu, unajua. Simu nazo zote zitaachwa mlangoni kwenye beseni. Mwaka jana kwa wale wa mtaa wa juu, mwali kichwa wazi alikuwa ameshafika kwenye kundi la mtaa, hata pilau halijaiva. Hiyo kamera yako ina WhatsApp?"

"Haina."

"Ina intaneti?"

"Haina chochote, Mama Munira. Inapiga picha tu."

"Basi ndiyo hiyohiyo. Na wewe mwenyewe huna WhatsApp mdomoni." Wakacheka wote wawili, kisha Mwamvua akaacha kucheka. "Lakini mwali hufunuliwa mara moja, dada Kulu. Ukituharibia, hatuna siku nyingine."

Alipoondoka, Kuluthumu alikaa kwenye ngazi ya uani mpaka sabuni ikamkaukia mikononi. Kwenye harusi za watu alizoea kuitwa kuchambua mchele, akakaa jikoni mpaka shughuli ikaisha. Sasa aliitwa kwa jambo lake mwenyewe. Alitaka picha zile zitoke vizuri kiasi cha watu kuuliza nani kazipiga, na wakishajua, siku nyingine wamwite tena. Hakutaka zaidi ya hapo.

Siku ilipofika alikwenda alfajiri. Uani kwa Mwamvua palifunikwa turubai la bluu, na chini yake kila kitu kilikuwa cha bluu, hata unga wa ngano. Hilo alikuwa amelisoma. Alitandika kitambaa cheupe mkekani, akairekebisha kamera mpaka kitambaa kikatoka cheupe, akaandika.

Alipotoka barazani alimkuta Iddy, mpiga picha wa Dodoma aliyekodiwa kwa upande wa wanaume, anakunywa chai na begi lake kubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naomba niione." Iddy aliipokea kamera, akaigeuza kama mtu aliyepewa kifaranga. "Mama, hii si ya kazi. Hii ni ya kupigia mbuzi akiwa amelala. Nikuachie moja yangu leo, bure kabisa. Hizi hata gizani zinaona."

"Chukua, dada," alisema Mwamvua akipita na sinia.

Kuluthumu aliitazama ile kamera kubwa aliyoitoa Iddy begini, vitufe vyake vingi kama mbegu za alizeti. "Hii yangu naijua," alisema polepole. "Hiyo ikinigomea sitajua pa kuishika."

"Mchagua jembe si mkulima, sawa," Iddy akajibu, "lakini jembe la kuchezea nalo halilimi." Macho yake yakaangukia daftari. "Hizo namba unaandika za nini? Kamera inaziandika yenyewe, mama. Zimo ndani ya kila picha, ukibonyeza hapa unaziona."

Kuluthumu alikuwa hajui. Aliona uso unapata moto. Lakini alifunga daftari, akaichukua kamera yake, akarudi uani.

Alisimama pale alipozoea kusimama, karibu na mlango wa jiko, nyuma ya mstari wa mwisho. Kutoka huko aliwavuta watu kwa lenzi. Picha zikawa nyeusi, naye akafanya kama alivyofanya kwa birika: akapunguza kasi, akaegemea mwimo wa mlango, akabana pumzi. Mwali alipotolewa ndani amefunikwa kanga, bibi yake, Bibi Khairat, mwenye miaka themanini na kitu, aliitupa fimbo yake chini na kuingia kucheza. Vigelegele vikapasua turubai. Bibi alizunguka mara mbili, mabega yakicheza, uso umeinuliwa. Kuluthumu alipiga picha ishirini na tatu.

Bibi alipoketishwa akihema, Kuluthumu alitazama kioo kidogo cha nyuma. Zilionekana nzuri. Akaikuza moja. Uso wa bibi ulikuwa umevurugika kama uji. Akakuza nyingine, na nyingine. Kanga zilikuwa michirizi. Mwimo wa pili wa mlango, pembeni ya picha, ulitoka safi kabisa.

Hapo ndipo alipoelewa. Birika, ndoo, mlango, mlima: hakuna hata kimoja kilichowahi kutikisika. Miezi mitatu alijifunza kupiga vitu vinavyosubiri, kwa kuwa ndani ya nyumba yake hakukuwa na kitu kingine.

Kamera haikuwa na kosa. Lenzi ile ikivutwa mbali hubana jicho lake, mwanga unaingia kidogo. Alikuwa ameiandika mwenyewe, ukurasa wa kumi na nne. Ikiachwa bila kuvutwa hufungua, na kasi inaweza kupanda. Ila ukiiacha hivyo, mtu aliye mbali anakuwa mdogo kama punje. Dawa yake ilikuwa moja, aende karibu. Ya Iddy labda ingemwacha pale pale mlangoni. Hii haikumwacha.

Mkekani, somo wa Munira, yule aliyemfunda, alikuwa ameshashika ncha ya kanga. Kuuzunguka mkeka walikaa wanawake wa ukoo, goti kwa goti. Kuluthumu alikuwa mtu wa kupita nyuma ya watu. Alivua ndala, akaanza kupita katikati yao.

"Samahani. Nipisheni kidogo. Samahani."

"Huyu naye anakwenda wapi?" aliuliza mmoja.

"Mwacheni, ndiye mwenye kamera," Mwamvua akasema.

"Basi ainame, kwani yeye ni ukuta?"

Akapiga magoti ukingoni mwa mkeka, karibu kiasi cha kusikia hina na udi. Akapandisha kasi. Akaibana kamera kwenye shavu. Somo akainua kanga. Munira alifumbua macho taratibu, akaanza kutafuta uso wa mama yake, akauona, na midomo yake ikatetemeka mwanzo wa kucheka au kulia. Kuluthumu akabonyeza. Kutoka hapo hakurudi mlangoni tena. Alipiga mikono, machozi, meno, mashangazi wakigombea kumtunza mwali, na mara kadhaa watu walimtazama machoni kupitia lenzi, jambo ambalo halikuwa limemtokea siku nyingi.

Wiki iliyofuata alizipeleka. Hazikupitishwa studio ya mtu. Ziliunganishwa kwa waya kwenye runinga ya Mwamvua, mlango umefungwa. Ilipofika ile ya kufunuliwa, Mwamvua aliinuka, akasimama karibu na runinga, akaweka kiganja kifuani. Akaomba irudishwe. Ikarudishwa mara nne.

Kisha Bibi Khairat akauliza kutoka kwenye kochi, "Na mimi? Nilicheza."

Kuluthumu angeweza kusema kwamba wakati ule hakuwa tayari. "Zako zimeharibika, bibi. Nilisimama mbali."

"Zote?"

"Zote. Ishirini na tatu."

"Ni hiyo kamera," alisema Mwamvua. "Iddy alikwambia."

"Si kamera. Ni mimi."

Bibi alikunja mikono mapajani. "Basi. Miguu ile ilikuwa ya siku ile." Akaomba apunguziwe sauti ya runinga, ingawa haikuwa na sauti.

Kuluthumu aliletewa chai na vitumbua. Mwamvua alimshukuru vizuri, kwa maneno yote yanayostahili, akamsindikiza hadi kona. Kuhusu harusi nyingine, na zilikuwepo, hakuna aliyetaja. Nyumbani alikuta mlango kama alivyouacha. Alikaa kwenye ngazi ya uani akitazama nyuso kwenye kioo kidogo, zote zinamtazama, mpaka betri ikaisha.

Jumamosi hakupiga birika. Alikwenda stendi ya mabasi mchana, kamera shingoni, na alizunguka mara tatu kabla ya kumsogelea mtu. Kijana wa bodaboda alimkatalia. "Za nini? Za serikali?" Akaomba radhi, akaondoka. Karibu na basi la Dodoma alikuwepo mwanamke anauza karanga, anapima kwa kikopo, anamimina, anacheka na abiria wa dirishani. Mikono yake haikutulia hata kidogo.

"Naomba nikupige picha," Kuluthumu alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Najifunza."

Yule mwanamke alimkagua kutoka kichwani hadi kwenye ndala. "Unajifunza ukubwani?"

"Ndiyo."

"Haya. Ngoja nifunge mtandio vizuri."

Kuluthumu akasimama hatua mbili mbele yake, akangoja.